Tenga Lililofunikwa Khanga

Zaituni mwanangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya kaya nzima, natangaza kwamba leo majira ya saa tisa alasiri kuku mweusi aliingia chumbani kwako bila hodi, akapanda kwenye begi lako jipya lililoachwa wazi, akataga. Yai ni moja. Limekutwa katikati ya mashuka likiwa salama. Shuka la juu limegeuzwa upande wa pili na kukunjwa upya kwa ustadi mkubwa. Mama yako hajajulishwa, na sioni sababu ya kumjulisha.

Baada ya tangazo hilo, niingie kwenye barua.

Mambo ya chandarua, ndala za bafuni, kutokula kwa watu usiowajua na kupiga simu ukifika, nimeyasikia yakisemwa humu ndani tangu juzi, mengine mara nne. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba begi lina zipu. Sasa hivi wewe na mama yako mmetoka kwenda kuaga kwa majirani, na najua hamrudi kabla ya magharibi, maana kila nyumba itataka mkae. Nimefunga kazi mapema. Baiskeli ya mwalimu iko hapa nje, magurudumu yanatazama juu. Kesho atakuja kuidai kwa hasira, lakini kesho na mimi nitakuwa nimetoka kukupandisha basi, kwa hiyo tutakuwa wawili wenye hasira na tutaelewana.

Nina neno ambalo nimelikalia miaka tisa.

Wiki ile ilipokuja barua ya kukubaliwa chuo cha mifugo, mama yako alikuuliza mbona hukuchagua ualimu kama wenzako. Mimi nilikuwa nje ya dirisha naziba pancha. Ukamjibu kwa sauti ndogo, "Nataka nijue kama kweli ni mkono wangu." Mama yako hakuelewa, akacheka, akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilielewa. Gundi ikanikaukia kwenye kidole.

Siyo mkono wako, Zaituni. Haujawahi kuwa mkono wako. Usiende mbali kote huko kutafuta jibu ambalo baba yako anatembea nalo mfukoni.

Utaukumbuka mwaka ule, ulikuwa na miaka kumi. Mafuriko yalikuwa yamepita bondeni na kuondoka na mpunga wa watu, na wa shangazi yako Somoe ukiwemo. Alikuwa mjane tayari, ameachiwa wajukuu wawili, na shamba lake la Ngorongo limegeuka tope lenye nyayo za viboko. Kilichobaki ni kuku. Walikuwa wakilala juu kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia shamba, ndiyo maana maji hayakuwafikia. Kuku wale ndio walikuwa mboga yake, ndio chumvi na sabuni, na yai moja moja ndilo lililokuwa likiwasimamisha wale watoto. Muuguzi wa kliniki alimwambia awape mayai, na yeye akawa anawapa, kwa zamu, huyu leo, yule kesho.

Kiangazi kilipofika tukasikia kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kimeingia kijiji jirani. Hapa Mchukwi tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Kideri kikisikika karibu, kwanza watu wanachinja. Ukiona mtaa mzima unanukia mchuzi wa kuku siku ya Jumanne, usiulize nani anaoa. Halafu wale kuku wazuri, wale wa mbegu, wanatiwa kwenye tenga na kupelekwa kwa ndugu aliye mbali wakae huko mpaka mambo yapoe. Tuliita kuwaficha. Tulidhani kideri ni kama mgambo: kikifika kikakuta banda tupu, kitauliza majirani maswali mawili matatu kisha kiondoke.

Mimi nilikuwa na kuku saba wa kuficha, na ndugu mmoja tu aliye mbali: shangazi yako.

Alfajiri ya siku ya safari nilipokuwa nawakamata, yule tetea mwekundu uliyekuwa unampenda alikuwa amesinzia, mabawa yameshuka kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Nilimwona. Akapiga chafya. Nilimsikia. Nikajiambia ni baridi. Kiangazi, Zaituni, jasho linanitoka, na mimi najiambia ni baridi. Kisha nikachukua khanga ya mama yako nikalifunika tenga lote. Mtu asiyejua kitu hafuniki tenga. Nilijua robo, na ile robo ilitosha.

Nikakupakata wewe mbele kwenye lori la kwenda Ikwiriri, njia ya Ngorongo, na wewe ukapakata tenga. Njia nzima ulikuwa ukiwaimbia.

Shangazi yako alitupokea kwa furaha, hakuuliza kitu. Ndugu akikuletea kuku umfichie, kukataa ni kama kumfungia mlango. Kesho yake mimi nikarudi kwenye kazi zangu, wewe ukabaki umalizie likizo. Ukawalisha wote pamoja, wa kwetu na wa kwake, ukawanywesha kwenye kifuu kimoja. Niliporudi kukuchukua, dungu lilikuwa kimya. Walianza kuhara kijani, shingo zikapinda, wakaisha. Walianza wetu, wakafuata wake, kisha wa nyumba ya pili na ya tatu, mpaka mwisho wa kitongoji. Hakubaki jogoo wa kumwamsha mtu.

Tulikaa kwenye mkeka. Shangazi yako hakulia, alikuwa anavuta uzi kwenye ukingo wa mkeka, anavuta, anavuta. Akasema, "Kaka, sisemi kwa ubaya. Huyu mtoto hana mkono wa kufuga. Tangu awashike kuku zangu, hakuna aliyeamka mzima."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, na kile kifuu mkononi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikasema mengi. Nikamwambia, "Ni kweli dada. Hata nyumbani, mchicha akiupanda yeye hauoti." Uongo mtupu! Mchicha wako ulikuwa unaota mpaka njiani, watu wanaukanyaga. Lakini nilisema, na nikacheka kidogo ili ionekane ni jambo dogo. Wewe ukakiweka kifuu chini, taratibu sana, kama kitu cha mtu mwingine.

Tangu siku ile ukawa unalizunguka banda kwa nyuma. Vifaranga wakianguliwa, unakwenda kuchota maji. Mama yako akadhani ni uvivu, akawa anakufokea, na mimi nakaa hapohapo natia upepo kwenye matairi ya watu. Sijui kama unajua jinsi mtu anavyoweza kutia upepo kwenye tairi ambalo halihitaji upepo. Mimi najua.

Wale wajukuu wa shangazi yako mwaka ule waliishi kwa ugali na mlenda. Mdogo alivimba miguu, akalazwa wiki mbili. Alipona, na leo ni bwana mkubwa wa darasa la saba. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kama atapona, na mimi nilikuwa napeleka salamu za pole kwa simu.

Sasa nikueleze nilivyojua zile robo tatu zilizobaki. Sikusoma popote. Kibanda changu kiko kando ya njia, na kazi yangu ni kutazama magurudumu. Kila siku ya gulio matenga ya kuku yanapita hapa kwa baiskeli, na tenga likiwa zito pancha haikosi. Nikawa nawauliza tu wenye baiskeli, kwa kupiga soga: umetoka wapi, unakwenda wapi. Baada ya misimu miwili nikaona kitu. Kuku walikuwa wanakufa kwa kufuata njia. Nyumba zilizo karibu na njia ya baiskeli zinaanza, za ndani zinafuata, na kule kusikofika baiskeli jogoo anawika kama kawaida.

Bwana mifugo wetu wakati huo alikuwa Deo, yule kijana wa bara aliyekuwa na pikipiki yenye mnyororo uliochoka. Alikuja nimkazie. Nikamwambia, "Bwana Mifugo, hiki kideri chenu kinapanda baiskeli."

Akaacha kunywa soda. "Nani amekufundisha hayo, mzee?"

"Pancha."

Akacheka mpaka soda ikampalia. Halafu akakaa chini, akanieleza vizuri. Kwamba kinapanda baiskeli, pikipiki, tenga, kisu cha kuchinjia, hata viatu vyangu. Kwamba kikishaingia hakina dawa, si shubiri wala pilipili wala majivu. Lakini kuku mzima akitiwa tone moja la chanjo kwenye jicho kabla ya msimu, kitampita. Tone moja! Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za watu wengine, "Na mtu akiwachukua wagonjwa akawapeleka kwa nduguye?"

"Huyo ameua kuku wa kijiji kizima," Deo akasema, anafuta mdomo.

Hakujua anazungumza na nani. Nikampakia grisi kwenye mnyororo, nyingi kuliko ilivyohitajika, nikamwambia anifundishe kuchanja.

Huo ndio mwanzo wa baba yako kuitwa Daktari wa Jicho. Nilikosea sana, na nakuandikia makosa yenyewe kwa sababu huko chuoni watakufundisha yaliyo sahihi na hayo utayakuta kwenye vitabu.

Mara ya kwanza niliitisha mkutano. Wakaja wanaume, wakakaa kwenye viti, wakanisikiliza kwa heshima zote, wakakubali kila kitu. Siku ya chanjo nikapata majogoo wawili. Nikakaa nikijiuliza kuku wa kijiji wamekwenda wapi, mpaka mama yako akanihurumia. "Kwani kuku wa nyumba hii ni wa nani?" Nikamwambia ni wetu. "Haya. Mkamate mmoja umuuze tuone." Zaituni, mwenye nyumba anaweza kukukubalia mpaka kesho, lakini mwenye kuku yuko jikoni. Zunguka nyuma, piga hodi mlango wa uani, na uende alfajiri au jioni wakiwa bandani. Mchana utakimbizana nao mbele ya watoto wa watu, na heshima ya serikali itapotea.

Kosa la pili ni la Bi Tabu, huyu wa hapo kwenye mkorosho. Alinijia mbio, kuku wake sita wameshaanza kusinzia. Nilijua siyo wa kuchanjwa tena. Deo alikwishaniambia: mgonjwa humchanji. Lakini Bi Tabu alinishika mkono, "Baba Zaituni, nitieni na mimi, msinibague." Nikaona haya, nikawatia. Keshokutwa wote sita wamekufa, na Bi Tabu yuko njiani anatangaza kwamba dawa ya Daktari wa Jicho inaua. Nilifungiwa milango misimu miwili. Kuku wa watu waliendelea kufa kwa sababu mimi nilishindwa kusema hapana kwa mwanamke anayelia. Hili sina namna ya kukufundisha. Siku yako itafika, atakuja mtu na kuku kwapani na machozi, na utalazimika kumwambia ukweli na bado ukae naye. Kukaa naye ndiko kugumu.

Leo hapa kwetu wanakubali. Bi Tabu mwenyewe ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kutangaza siku ya chanjo, kwa sauti ileile. Msimu wa kideri ukifika wapo vijana wananilalamikia kwamba siku hizi hakuna kuku wa kula ovyo. Watoto wanakwenda shule wametafuna yai. Nimechanja Mchukwi yote, nimekwenda mpaka Bungu, nimealikwa mpaka huko Mloka, ambako watu waliniambia kwa upole kwamba kideri wamekisikia, ila wangependa kwanza nichanje mahindi yao dhidi ya tembo.

Ngorongo sikwenda. Miaka yote hiyo. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri: barabara, mvua, kazi, chupa ya chanjo ikifunguliwa haingoji. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilikuwa nazo tayari. Shangazi yako akaanza tena kufuga, wakafa tena, akaanza tena. Kila wakifa alikuwa anasema bahati yake iliharibiwa mwaka ule. Na wewe kila tukienda huko kwenye arusi au msiba, unakaa upande ambao hakuna kuku.

Baada ya kukusikia dirishani, nilikaa siku tatu. Nikaona mambo mawili hayawezi kwenda pamoja: wewe uende kusomea mifugo ukiwa umebeba mkosi wa kubambikiwa, na mimi nibaki hapa naitwa daktari.

Kwa hiyo ile Alhamisi niliyokuambieni nakwenda Kibiti kutafuta spoku za baiskeli, sikwenda Kibiti. Hakuna spoku inayotafutwa siku mbili, na nashangaa hamkuuliza. Nilikwenda Ngorongo. Nilibeba kichupa cha chanjo nimekizungushia kitambaa kibichi ndani ya kikapu, mbali na jua. Nilimkuta shangazi yako anapepeta mchele. Akanitazama, akakitazama kikapu.

"Shikamoo kaka. Leo umeniletea nini tena?"

Ile "tena" niliistahili. Nikasema marahaba, nikakaa chini, sikungoja maji. Nikamwambia yote. Tetea mwekundu, chafya, khanga, mchicha. Ungo wake ukawa unaendelea, pepe, pepe, kisha ukasimama.

"Ulimwona anaumwa."

"Nilimwona."

"Ukamfunika."

"Nikamfunika."

Nikahesabu punje zilizodondoka. Halafu akasema, "Mimi nilimsema mtoto kwa uchungu, sikujua. Wewe ulijua, ukaniongezea mchicha." Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Akakaa huko muda mrefu. Nilisikia sufuria zikihamishwa ambazo hazikuwa na haja ya kuhamishwa, nikatambua kwamba huyu kweli ni dada yangu.

Alipotoka alikuwa amejifunga khanga kiunoni. "Nina kuku kumi na wanne. Utawatia hiyo dawa yako. Lakini wewe huwashiki. Nitawashika mimi."

"Sawa."

"Na leo usiniite dada. Niite Somoe."

"Sawa, Somoe."

Basi jioni, kuku walipopanda kulala, akawa anawateremsha mmoja mmoja, anawalaza kwenye paja, anawageuza jicho juu, na mimi natia tone. Walipofika tisa hivi akamshika tetea mmoja wa kijivu, kifua kipana, akamzuia kidogo kabla ya kuniachia jicho lake. "Huyu ni wa Zaituni," akasema. "Mwambie nimempa. Mwambie nimesema mimi, kwa mdomo wangu, mkono wake hauna kitu. Na nitawaambia wote niliowaambia."

Nikafurahi, nikasema basi nitaondoka naye asubuhi nikuletee. Akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu mama yetu afariki.

"Kaka. Kuku haendi popote."

Kwa hiyo una kuku Ngorongo, na atakaa Ngorongo. Ukija likizo utakwenda mwenyewe, utaingia kwake kwa mlango wa mbele, utamshika.

Ukitaka kunikasirikia una haki yote, na sitakuomba uharakishe kumaliza. Kasirika, ila uwe umekula. Ninachokuomba ni kimoja: nenda kasomee kazi hii kwa sababu unaitaka. Kama uliichagua ili kujisafisha, wewe hukuwa na uchafu. Ukifika ukaona moyo uko kwenye ualimu, niandikie, nitaelewa na nitamtuliza mama yako. Lakini ukiitaka, basi ishike kwa nguvu. Kina Somoe ni wengi mabondeni huko. Mafuriko yanachukua mpunga, nguruwe wanachukua muhogo, na kinachobaki kati ya mtoto na njaa ni kuku aliyelala juu ya dungu. Anahitaji mtu atakayepanda ngazi. Mimi magoti yangu yameanza kugoma, lakini Ngorongo nitapanda, nimekwishaapa, hata kama shangazi yako ataendelea kunitazama vile.

Tulipomtia wa mwisho, Somoe alinawa mikono, akakaa kwenye mkeka, akashusha pumzi. "Haya kaka," akasema. "Limekwisha."

Nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamficha tena kitu, nikamwambia ilivyo. Chanjo ya kideri inakaa miezi mitatu tu, kisha inarudiwa.